Nyekundu Si Jina la Oili

Hotuba hii ilitolewa na fundi mwenzetu kwenye mkutano wa madereva na wamiliki wa magari mjini Morogoro. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya waliokuwa barabarani siku hiyo. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu wa daladala, wamiliki, madereva wa teksi, makonda, na dada zangu wa Coaster ambao leo mmekaa mbele kabisa: habari za asubuhi.

Nilipoambiwa nije kuzungumzia utunzaji wa gari, najua mlitegemea nije na injini. Au gia boksi. Mtanisamehe. Injini kila mtu anaiogopa. Mtu ataiwekea oili nzuri hata kama nyumbani sukari imeisha. Mimi nimekuja na kitu ambacho kwenye gari dogo ujazo wake ni kama lita moja tu, na kwa sababu ni kidogo, tunakidharau. Nimekuja na oili ya pawa, ile inayosaidia usukani uwe mwepesi.

Mikono juu: nani anajua gari lake linatumia oili gani ya pawa? Naona mikono mingi, vizuri. Mzee wangu mwenye baraghashia, unaweka ipi? Nyekundu. Asante. Kaka wa pembeni? Nyekundu. Na wewe kule nyuma? Haidroliki.

Haya. Nyekundu si jina la oili, ndugu zangu. Nyekundu ni rangi. Na haidroliki ni neno ambalo hapa mjini tunalitumia kuita kila kitu kisichokuwa oili ya injini: ya gia otomatiki haidroliki, ya jeki haidroliki, ya tipa haidroliki. Ukienda dukani ukasema "nipe haidroliki", umemwachia muuzaji aamue. Naye ataamua kwa kuangalia kilichobaki kwenye rafu.

Kabla hatujafika dukani, nawauliza swali la kwanza kabisa, na msicheke. Je, gari lako lina oili ya pawa?

Nimesema msicheke. Kuna dada mmoja alikuwa na Vitz, usukani ukawa mzito. Jirani akamwambia oili ya pawa imeisha. Akanunua chupa nyekundu, akampa kijana anayemwoshea gari aweke. Kijana akafungua boneti, akatafuta kopo la pawa, halioni. Akatazama huku, akatazama kule, akaona kikopo cheupe kule nyuma karibu na kioo, upande wa dereva, kimepungua kidogo. Akamimina humo.

Mnaguna. Mmeshajua. Kile ni kikopo cha breki.

Gari liliponifikia, pedali ya breki ilikuwa ngumu kama imegongwa kabari na magurudumu yalikuwa yanatoa moto, maana breki zilikuwa zinashika haziachii. Nikafungua kifuniko. Chini ya kifuniko cha breki kuna mpira mwembamba, mnaujua. Ule mpira ulikuwa umevimba, umejikunja kwenye kingo, nikiusukuma kwa kidole gumba haurudi mahali pake. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Sili za breki ni mpira wa aina yake, unaitwa EPDM, na huo mpira na oili ya madini haviwezi kukaa nyumba moja. Unavimba. Ukivimba ndani ya masta silinda unaziba kitundu cha kurudishia mafuta, na breki inabaki imekamata. Tukashusha masta, tukafungua kalipa za mbele, silinda za nyuma, sili zote nje, mabomba yote yakasafishwa. Kwa chupa moja ya oili ambayo gari lenyewe halikuwa na pa kuiweka!

Na usukani ulikuwa mzito kwa nini? Tairi za mbele hazikuwa na upepo.

Magari mengi madogo tunayoyapokea kutoka Japani usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme. Hakuna pampu, hakuna hosi, hakuna oili. Suzuki ndiyo waliotangulia kuuza gari la namna hiyo, Cervo, mwaka 1988, na tangu hapo umeme umekuwa unaifukuza oili gari moja baada ya jingine. IST, Passo, Prius, Honda Fit, Vitz: huko usitafute kopo la pawa. Na jina la gari lisikudanganye. X-Trail ya T30 ina oili. X-Trail ya T31, iliyofuata, ina umeme. Wote mnasema "nina X-Trail".

Utajuaje? Washa swichi bila kuwasha injini. Ukiona taa ya EPS, yaani usukani wa umeme, imewaka kwenye dashibodi, hilo ni la umeme. Au fungua boneti ufuate mkanda wa injini: kama ni la oili, mara nyingi utakuta pampu inazungushwa na mkanda, ina hosi mbili, moja nene ya kuleta oili kutoka kwenye kopo na nyingine imebanwa kwa chuma inayokwenda kwenye reki, kile chombo kinachokata magurudumu. Huoni pampu hiyo wala kopo la pawa? Rudisha chupa dukani.

Na kosa hilo lina ndugu yake. Wapo wanaomimina mafuta ya breki kwenye kopo la pawa kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Huko nako ni kilio, kwa sababu sili za pawa ni mpira mwingine tena, na huo hauwezani na mafuta ya breki. Hapo reki inaanza kulia machozi kila mahali kwa wakati mmoja.

Sasa turudi kwenye rangi, maana naona mzee wangu wa baraghashia bado hajaridhika.

Kwa nini oili nyingi ya pawa ni nyekundu? Mwaka 1951 Chrysler walipoanza kuuza Imperial yenye pawa, gari la kwanza la kawaida kuuzwa hivyo, dunia haikuwa na oili iliyobuniwa maalumu kwa ajili ya usukani. Ilikuwepo oili ya gia otomatiki. Nyepesi, haitoi povu kirahisi, inalinda vyuma visisagane. Wakaichukua hiyo. Na oili ya gia otomatiki ilipakwa rangi nyekundu ili fundi akikuta tone sakafuni ajue limetoka kwenye gia, halikutoka kwenye injini. Basi. Rangi ni dawa iliyoongezwa. Haisaidii kulainisha kitu chochote. Naweza kuchukua oili ya alizeti nikaipaka rangi hiyohiyo, na mtaipanga foleni kuinunua.

Iko nyekundu, iko ya kijani, iko ya njano kama asali changa. Honda wanatumia yao wenyewe, inaitwa PSF, na kitabu chao kinasema wazi kwamba oili ya gia otomatiki au ya kampuni nyingine itaharibu mfumo. CR-V zile za zamani zimejaa mjini hapa, na nyingi nikifungua kifuniko nakuta nyekundu. Halafu mwenye gari ananiambia, "Fundi, pampu za Honda mbovu." Pampu ya Honda haina ubovu wowote, ndugu yangu. Inanyweshwa kisicho chake.

Kisa cha rangi ninachokipenda kuliko vyote ni cha Discovery 3. Mwenyewe ni mtu wa shamba huko Kilombero, gari zuri, linatunzwa. Kwenye kopo la pawa imeandikwa itumike oili ya kijani ya "cold climate", yaani oili ya nchi za baridi. Mtu akamshauri: "Mzee, wewe uko Ifakara! Baridi gani? Weka nyekundu ya kawaida, ni nzito zaidi, inafaa joto letu." Na ukisikiliza, inaingia akilini, siyo? Hata mimi ningekuwa siijui kazi ningekubali.

Ikawekwa nyekundu. Asubuhi gari likiwashwa pampu inalia, tena siyo kulia kwa aibu, inalia mtaa mzima unajua bosi ameamka.

Sikilizeni hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Pampu ile na mapengo yake madogo madogo ya ndani vilipimwa kwa ajili ya oili nyepesi. Hali ya hewa ya Ifakara haibadilishi upana wa tundu la chuma. Oili za kijani za jamii hiyo, kama CHF 11S ambayo BMW na Audi nyingi wanaitumia, zina sifa ya kukaa nyepesi ikiwa baridi na kutokuwa maji ikiwa ya moto. Kwenye nyuzijoto 40, nyekundu ya kawaida ni nzito karibu mara mbili ya hiyo CHF. Zikifika nyuzijoto 100, tofauti inakuwa ndogo. Kwa hiyo shida haiji mchana gari likiwa limechemka. Shida iko pale asubuhi, pampu inavuta oili nzito isiyofika haraka, inavuta na hewa, ndiyo ile sauti. Na chuma kinachozunguka na hewa badala ya oili kinajila.

BMW ndiyo wamenifundisha heshima. Unaweza kukuta BMW mbili za toleo la E46, umbo moja, rangi moja, hii kifuniko kinasema ATF, yaani oili ya gia otomatiki, ile kinasema CHF 11S. Gari lilelile! Sasa wewe unayesema "BMW zinatumia ya kijani" utasema nini hapo?

Somo la kifuniko ndilo hilo. Kabla ya kumuuliza fundi, kabla ya kumuuliza muuzaji, kabla ya kuniuliza hata mimi: soma kifuniko. Kitabu cha gari kwetu mara nyingi ni cha Kijapani, au kilibaki bandarini, au watoto wamekichora. Kifuniko kipo. Futa grisi na kitambaa, washa tochi ya simu, soma. Kwenye Toyota za oili utakuta, kwa mfano, "Dexron II or III". Kwingine utakuta "PSF only". Maandishi yakiwa ya Kijapani, simu yako hiyohiyo inayopiga picha za harusi inaweza kutafsiri. Na kama kifuniko si chenyewe, kilikwishabadilishwa na kile cha gari jingine, hapo ndipo tunatafuta kwa namba ya chesesi. Vifuniko vya kuokoteza vipo, nimeona kifuniko cha Honda kwenye Nissan.

Umeshasoma, sasa uko dukani. Dexron maana yake nini? Ni jina la General Motors wa Marekani, ni kiwango chao cha oili ya gia otomatiki. Ya kwanza ilitoka mwaka 1967. Na nitawapa jambo la kuwasimulia wenzenu kijiweni: oili za mwanzo za aina hiyo zilikuwa na mafuta ya nyangumi ndani. Kweli kabisa. Yalifanya klachi za gia zishike kwa ulaini. Marekani walipopiga marufuku mafuta ya nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watengeneza oili walilazimika kutafuta dawa mbadala, ndipo zikaja hizi Dexron II. Dexron III ikaja mwaka 1993. Dexron VI mwaka 2005, na hii ni nyepesi kuliko III.

Kuna jambo moja hapa ambalo wauzaji wengi hawalijui, au wanalijua wamenyamaza. General Motors waliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006. Maana yake, chupa iliyoandikwa Dexron III leo haijapimwa wala kuidhinishwa na mwenye jina. Ni neno la mtengenezaji mwenyewe tu kwamba oili yake inafikia kiwango kile. Je, zote ni mbaya? Hapana. Kampuni kubwa zenye jina la kulinda bado zinatengeneza nzuri, na hiyo ndiyo itakayoingia kwenye Mark II yako na Prado yako. Lakini kidumu kisicho na jina la kiwanda, kisicho na tarehe, kisicho na namba ya toleo, kina picha ya gari la mashindano na neno Dexron kubwa kuliko kidumu chenyewe, hicho kinategemea imani yako. Mimi imani yangu naipeleka kanisani.

Kuna na zile chupa zinazosema zinafaa magari yote. Za Asia, za Ulaya, za Marekani, zote. Nitasema ninavyoona: ikiwa nyuma ya chupa wameorodhesha kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye kifuniko chako, unaweza kuijaribu. Kama wameandika "magari yote" na kunyamaza, waachie magari yote.

Na hii ya CVT, jamani. Siku hizi magari yenye gia za CVT, zile otomatiki za mkanda na puli, ni mengi, na mtu ana kidumu cha CVT kimebaki kidogo nyumbani, anaona hasara, anakimalizia kwenye pawa. Ile oili imetengenezwa ili mkanda wa chuma usiteleze kwenye puli. Imekwenda kufanya nini kwenye usukani? Iache. Iuze, mpe jirani mwenye Nissan inayoitumia, fanya lolote.

Sasa naingia mahali ambapo pananigusa zaidi, nanyi watu wa Coaster na Hiace mnisikilize. Oili ya pawa haiishi. Narudia: haiishi! Haiungui kama ya injini. Inazunguka mle ndani, kopo, pampu, reki, kopo. Ikipungua, imetoka. Na ikitoka, kuna mahali imepitia. Kwa hiyo dereva anayesema "hii gari inakunywa pawa, kila Jumatatu naongeza" anatueleza kwamba gari linavuja na yeye anafadhili mvujo.

Kuna mwenzetu, hayupo leo, alikuwa na Coaster ya kwenda Iringa. Hosi ya presha ilikuwa inalowana kwenye kile kiungo cha chuma na mpira. Kulowana tu. Anaongeza. Kwanza aliongeza nyekundu nzuri, halafu akaona inamla, akahamia ya bei rahisi, halafu akaanza kumalizia oili ya injini iliyobaki kwenye galoni. Hakumwambia tajiri. Hosi ilipasuka wakiwa wanashuka Kitonga.

Kitonga! Nyote mnaijua: mlima huku, korongo kule, malori yamepangana. Usukani haukujifunga, maana bila pawa chuma bado kinashika chuma na gari linakata kona. Lakini ulikuwa mzito ghafla katikati ya kona, gari limejaa abiria. Yeye na konda wake walishika usukani pamoja, wawili, hadi chini. Na oili ilikuwa imerukia kwenye ekzosi, moshi umejaa ndani, abiria wanapiga kelele kwamba gari linaungua. Lingeweza kuungua kweli, maana oili ya pawa ikidondokea ekzosi iliyoiva inashika moto.

Presha ya ndani ya hosi ile, usukani ukiwa umekatwa wote, inaweza kuvuka bar 80. Tairi ya gari dogo mnaijaza bar mbili na kitu. Hebu fikirini. Ndiyo maana nawaambia mkikata kona hadi mwisho, msiushikilie usukani pale huku injini inanguruma. Legeza kidogo. Sekunde chache zinatosha kuichemsha.

Na kwa nini yule dereva hakumwambia tajiri? Hapa wamiliki nawaomba msinune. Hakumwambia kwa sababu oili ya kuongeza inatoka kwenye hesabu yake, ile pesa ya siku anayompelekea tajiri, na gari likilala gereji hesabu inadaiwa palepale. Sasa mtu wa namna hiyo atanunua oili gani? Atanunua ya bei rahisi, na atanyamaza. Ningekuwa yeye ningefanya nini? Wamiliki, kama mnataka oili sahihi kwenye gari, inunueni wenyewe, muweke chupa moja ya akiba chini ya kiti, na siku ya kubadilisha hosi msidai hesabu. Bei ya hosi na bei ya pampu mnazijua.

Dawa za kuzuia mvujo mtaniuliza. Zipo, zinafanya sili ivimbe, na kwa sili iliyochakaa kidogo zinaweza kukupa muda wa kukusanya pesa. Kwa hosi iliyokatika au sili iliyochanika ni maji tu. Wala usiziweke kwenye gari ambalo halivuji "kwa kinga".

Kubadilisha ni kazi nyepesi. Vuta oili yote ya kwenye kopo kwa bomba la sindano kubwa, jaza mpya, washa injini, kata usukani kushoto na kulia taratibu bila kuugongesha mwisho, zima. Rudia siku nyingine na nyingine hadi inayotoka iwe na rangi ya inayoingia. Ukiona povu, kuna hewa. Tafuta hosi ya kuvutia iliyolegea. Ukiona nyeusi na inanuka kuungua, usishangae, huenda haijawahi kubadilishwa tangu Yokohama. Pima kwa alama: COLD gari likiwa limelala, HOT likiwa limetembea. Usijaze hadi shingoni, itafurika.

Mtu ameshaweka oili isiyo yenyewe, afanye nini? Kama haijakaa, usiwashe hata injini. Ivute yote, usafishe, uweke inayotakiwa. Kama imeshatembea, tunaisafisha kwa kufungua hosi ya kurudishia, na baada ya hapo tunasikiliza pampu. Nyingine zinapona. Nyingine haziponi, na sitawadanganya.

Ndugu mwenyekiti, naona unaangalia saa. Nimemaliza, nakaribisha maswali. Ila mwenye Hiace nyeupe aliyeegesha mlangoni, tuanze na wewe, maana nilipokuwa naingia niliona tone chini ya gurudumu la mbele kushoto, na lilikuwa jekundu.